Bega la nahodha: linauma, limeishiwa nguvu, au limeganda?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni nahodha wa mashua ya dagaa, nipo Sahare, Tanga, umri miaka 47. Wiki saba zilizopita wavu ulinasa mwambani, nikauvuta kwa nguvu, nikasikia kitu kimenichoma bega la kulia. Tangu hapo usiku silali ubavu huo, na nikitaka kushika henza (kamba ya kutwekea tanga) juu, mkono unaishia njiani. Nimechomwa sindano za diklofenaki mara tatu duka la dawa. Maumivu yanapoa siku mbili, yanarudi. Nina sukari, natumia metformini. Mmoja kaniambia nifunge mkono shingoni mwezi mzima, mwingine kaniambia kuna mzee ananyoosha mabega. Halafu kijana wa dada yangu, miaka 19, ni golikipa. Bega lake limeshachomoka mara mbili, na mara ya pili wenzake walilivuta palepale uwanjani likarudi. Je, niache bahari? Huyu mpwa wangu afanyeje? Na Ramadhani ikiingia, dawa na mazoezi itakuwaje?

JIBU: Waalaykumu salaam, nahodha. Nianze na lile unalolihofia: kwa maelezo haya, bahari huachi. Utaweka kando kazi fulani kwa wiki kadhaa, na nitazitaja. Mkono kuufunga shingoni mwezi mzima usikubali, hasa wewe mwenye sukari. Na kwa mzee wa kunyoosha usiende kabla hujajua ndani ya bega kuna nini, kwa sababu "bega linauma" si ugonjwa mmoja. Kuna bega linalouma lakini nguvu zipo, kuna lililoishiwa nguvu, kuna lililoganda, na kuna linalotoka mahali pake. Tiba ya moja huweza kuliharibu jingine.

Fupa la juu la mkono lina kichwa cha mviringo, nacho kimekaa kwenye kitako kidogo cha kombe la bega. Chukua chungwa la Muheza uliweke juu ya kisosi cha kahawa: ndivyo kilivyokaa. Nyonga imechimbiwa shimo, bega halikuchimbiwa. Ndiyo sababu mkono unazunguka pande zote, na ndiyo sababu hakuna kiungo kikubwa kinachochomoka mara nyingi kama bega. Kinachozuia chungwa lisibingirike ni misuli minne inayotoka kwenye kombe na kukikamata kichwa cha fupa kwa kano zake, mbele, juu na nyuma, kama vidole vilivyoshika kifuu. Kano ya juu inapita kwenye upenyo mwembamba chini ya paa la mfupa, ule mfupa mgumu unaougusa ukipapasa kileleni mwa bega. Ukiinua mkono, upenyo ule unazidi kuwa mwembamba. Ukishafika miaka ya arobaini, kano hiyo huanza kuchakaa kama kamba iliyoloa na kukauka misimu mingi; nyuzi chache hukatika na mwenyewe asijue. Kisha siku moja wavu unanasa mwambani.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Vua shati, simama, mtu akusaidie. Kila kipimo anza na mkono mzima ili upate cha kulinganisha.

Kwanza, bana viwiko vyote viwili mbavuni, vikunje nyuzi 90, viganja vitazamane. Legeza mikono kabisa. Msaidizi azungushe kigasha kimoja, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kwenda nje polepole, kama anayefungua mlango, wewe usimsaidie. Mkono mzima kwa kawaida huenda nyuzi 50 au 60, wengine zaidi. Ukiona wa kulia unasimama nusu ya hapo, na unasimama kwa kugota, si kwa maumivu tu, basi bega linaganda. Hiki ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka.

Cha pili, inua mkono kwa pembeni, kidole gumba kikitazama juu, taratibu mpaka juu ya kichwa. Maumivu yakianza mkono ukiwa karibu nyuzi 60, yakawa makali hapo katikati, halafu yakapungua ukishapita 120, hiyo ni dalili ya kano ya juu au kifuko cha maji kilicho juu yake.

Cha tatu ni cha nguvu. Kiwiko mbavuni tena, sukuma kigasha kwenda nje huku msaidizi anakizuia kwa kiganja. Kisha akuinulie mkono kwa pembeni mpaka usawa wa bega, auachie polepole, nawe uushushe mwenyewe. Kuuma huku nguvu zipo ni jambo moja. Mkono kukosa nguvu ya kusukuma, au kuanguka pwaa ukiachiwa, ni jambo jingine kabisa.

Sasa soma majibu yako. Kama msaidizi anauzungusha mkono vizuri, maumivu yapo katikati ya safari ya kuinua, na nguvu zipo ingawa zinauma, una kano iliyolemewa au iliyochanika kidogo. Kwa jinsi ulivyosimulia, hili ndilo naliona la kwanza, na wengi huponea mazoezi bila kisu. Kama mkono umeishiwa nguvu tangu siku ile ya wavu, kano huenda imekatika sehemu kubwa. Hapo usingoje miezi: kano iliyokatika hurudi nyuma, msuli wake hunywea na kugeuka mafuta, na kuishona baadaye huwa kugumu. Wiki saba zimeshapita, kwa hiyo ukishindwa kipimo cha tatu nenda wiki hiihii.

Kama umegotea kwenye kipimo cha kwanza, hilo ni bega lililoganda: mfuko unaozunguka kiungo umevimba na kusinyaa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na kati ya wenye sukari 100, takribani 10 hadi 20 hulipata wakati fulani wa maisha yao. Huanza na maumivu ya usiku, halafu mkono unakosa mwendo, halafu unafunguka wenyewe polepole. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Hapo ndipo utaona kwa nini nakukataza kitambaa cha shingoni. Bega la mwenye sukari likifungwa mwezi mzima linapewa nafasi ya kuganda, hata kama mwanzo lilikuwa na kano tu iliyochanika.

Yanayoitwa bega na si bega

Maumivu yakishuka kupita kiwiko hadi vidoleni pamoja na ganzi, na yakaongezeka ukigeuza shingo, tazama shingo. Bega la kushoto likianza kuuma ghafla pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na kupumua kwa shida, huo unaweza kuwa moyo; usipake dawa ya kuchua, kimbia hospitali. Ncha ya bega ikimuuma mwanamke aliyekosa siku zake, tumbo likauma na kizunguzungu kikampata, inawezekana mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na anavuja damu tumboni. Bega kuvimba na kuwa la moto pamoja na homa huenda ni usaha kwenye kiungo, na wenye sukari wako kwenye hatari zaidi. Mwenye selimundu mwenye bega linalouma miezi apigwe eksirei, maana kichwa cha fupa kinaweza kuwa kimekosa damu na kufa. Na bega linalouma sawasawa usiku na mchana, huku mtu anakonda na kukohoa, linataka picha ya kifua.

Nikutibu vipi

Nikichukulia kwamba ni kano na nguvu zipo, tiba ni wiki 12 za mazoezi ya kuipa kano mzigo kidogo kidogo. Si wiki tatu. Wengi huacha ya tatu au ya nne, maumivu yakishapoa, wakarudi kwenye wavu na kano ambayo bado ni dhaifu. Halafu wanasema mazoezi hayafai.

Usiku kwanza, kwa sababu asiyelala haponi vizuri. Lala chali, mto mdogo au kanga iliyokunjwa iwe chini ya kiwiko cha kulia ili kiwiko kisizame nyuma. Ukipenda ubavu, lala wa kushoto huku umekumbatia mto mnene, mkono wa kulia ukae juu yake. Mkono usiweke chini ya kichwa.

Dawa: paracetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6 hadi 8, pengo lisipungue saa nne kamwe, visizidi vinane kwa saa 24. Soma pakiti ya dawa nyingine yoyote unayopewa, maana zile za mseto zenye diklofenaki huwa na paracetamoli ndani yake, na mtu anameza mara mbili bila kujua, ini ndilo linalolipa. Diklofenaki ya sindano sikutaki nayo tena. Haijengi kano, inazima kengele tu kwa siku mbili, na wewe ndani ya siku hizo mbili unavuta nyavu. Isitoshe, mwenye sukari figo zake zinahitaji kulindwa, na dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzielemea, hupandisha presha na huchubua tumbo. Kapime kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza. Ukiambiwa figo ni nzima na huna vidonda vya tumbo, daktari anaweza kukupa za siku chache, unywe baada ya kula.

Barafu au joto? Barafu ina kazi siku mbili za mwanzo baada ya kuumia: ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, rudia baada ya saa mbili au tatu. Wewe umeshavuka wiki saba. Kitambaa cha maji ya moto dakika 15 kabla ya mazoezi kinatosha. Mwenye sukari ngozi yake huweza kuwa na ganzi, kwa hiyo mwingine akujaribie joto kwanza usije ukajiunguza. Kukanda kwa mafuta ya nazi msuli wa shingo na mgongo hakuna ubaya, kunalegeza. Kulivuta bega, kulizungusha kwa nguvu au kulikanyaga ndiyo nisiyoitaka: kano iliyochanika nusu inaweza kumaliziwa kuchanika.

Wiki mbili za kwanza fanya mawili. La kwanza: inama, mkono wa kushoto ushike meza, wa kulia uning'inie kama nanga kwenye kamba. Tikisa kiwiliwili ili mkono uyumbe wenyewe, mbele nyuma, kisha miduara midogo, dakika moja, mara tatu kwa siku. Kosa la hapa ni kuzungusha mkono kwa nguvu zake wenyewe. Mkono unatakiwa ubebwe na mwili. La pili: simama ubavu na fremu ya mlango, kiwiko kimekunjwa, kanga iliyokunjwa ibanwe kati ya kiwiko na mbavu. Sukuma fremu kwa mgongo wa kiganja kwa theluthi ya nguvu zako, shikilia sekunde 20 hadi 30, pumzika, rudia mara tano, asubuhi na jioni. Kisha geuka, sukuma kwa ndani kwa kiganja, vilevile. Mkono hautembei, lakini kano inapata kazi, na wengi huona maumivu yakitulia hapohapo.

Kuanzia wiki ya tatu tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli. Ikate iwe utepe mrefu wa kama mita moja na nusu, ikague mahali ilipopasuka, kwa sababu ikikatika unapoivuta itakurukia jichoni. Ifunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Kiwiko mbavuni na kanga yake, vuta utepe kwenda nje kwa sekunde mbili, urudishe kwa sekunde nne. Huko kurudisha polepole ndiko kunakoijenga kano, na ndiko watu wanakokuachia. Mara 10 hadi 12, vipindi vitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kisha tazama dirisha, shika ncha mbili za utepe, vuta kama unayepiga makasia, viwiko vipite mbavuni na makombe ya bega yakaribiane. Baada ya hapo simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, jisukume kama pushapu, mara 10.

Wiki ya sita hadi ya saba, kama bega haliumi tena usiku, ongeza kuinua. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, anza nayo. Usiinue mbele kabisa wala pembeni kabisa. Elekeza mkono katikati ya hizo mbili, karibu zaidi na pembeni, gumba juu. Ukiweza mara 12 kwa vipindi vitatu bila kukunja uso, siku nyingine jaza chupa ya lita moja, kisha ya lita moja na nusu. Wiki za mwisho zifanye zifanane na kazi yako: funga utepe juu ya mlango, uvute chini kama henza.

Utajuaje umezidisha? Yape maumivu namba, 0 hakuna, 10 hayavumiliki. Wakati wa zoezi mpaka 4 ni ruhusa, mradi kesho asubuhi bega liwe kama lilivyokuwa jana asubuhi. Likiamka baya zaidi, siku ya mazoezi ijayo punguza idadi nusu, usiache kabisa. Kama hakuna hata chembe ya maumivu wala uchovu, utepe umelegea, sogea nyuma hatua moja.

Kama kipimo cha kwanza kilionyesha limeganda, mpango unabadilika: usilipigie nguvu likiwa kwenye hatua ya maumivu makali. Fanya la kuning'iniza; lala chali ushike mpini wa fagio kwa mikono miwili, wa kushoto uusukume wa kulia kwenda nje mpaka pale unapogota, shikilia sekunde 20, mara tano; na panda ukuta kwa vidole kama kaa, uweke alama ya mkaa mahali ulipofika kila Ijumaa. Alama itakuambia ukweli kuliko hisia. Hapa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kiungo husaidia, hasa miezi ya mwanzo. Lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kwa hiyo mwambie anayekuchoma kuwa unatumia metformini na upime kila siku. Kwa bega la kano, sindano hiyo hutuliza kwa wiki chache tu, na ikirudiwarudiwa huidhoofisha kano. Mtu akikuandalia ya nne ndani ya mwaka mmoja, muulize anatibu nini.

Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ukaombe kuonwa na daktari wa mifupa na wa fiziotherapia, ukishindwa kipimo cha nguvu, ukigotea kipimo cha kwanza, au ukimaliza wiki sita za mazoezi ya kweli bila nafuu. Eksirei itaonyesha mifupa na chokaa iliyojikusanya kwenye kano. Kano yenyewe huonekana kwa ultrasaundi au MRI. Usishtuke ripoti ikisema kuna mchaniko mdogo. Wapo watu wengi wa umri wako wenye michaniko ya namna hiyo na hawaumwi popote, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji.

Mashuani

Kwa sasa acha henza, nanga, na kurusha kitu chochote juu ya bega. Usukani shika, hesabu fanya, wavu vuta kwa masharti. Miguu iwe mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko karibu na mbavu, uvute kuelekea kitovuni kwa kuegemeza uzito wa mwili nyuma. Anayevuta kwa mikono iliyonyooka mbele huku kiuno kimekufa, kano ndizo zinazobeba wavu wote. Badilishaneni upande kila mkivuta pima chache, maana kila mtu ana upande anaoupenda na bega la upande huo ndilo linaloanza kulia.

Wavu ukinasa mwambani usiukukurushe. Huo mvuto wa ghafla, mkono umenyooka, ndio uliokuumiza. Zungusheni chombo mpaka upande wa pili wa mwamba, muuvute kwa kule ulikotokea. Ukigoma, fungeni kamba kwenye chombo na kuachia maji na mashua vifanye kazi, huku kisu kiko karibu na watu wamekaa mbali na kamba iliyokaza. Wavu uliochanika hushonwa kwa siku moja. Wakati wa kutweka tanga, henza ishikwe na wawili, mvute kwa kushuka na uzito wa mwili, mkiishika usawa wa uso badala ya kuinyakua kileleni. Ndoo za dagaa mkifika ufukoni zisiinuliwe kutoka ndani ya mashua hadi bega la mchukuzi kwa mkupuo mmoja. Ziwekwe ukingoni kwanza, mchukuzi azipokee hapo.

Kazi yenu ina mpangilio wake ambao bega halijauzoea: siku za giza mnavuta usiku mfululizo, mbalamwezi ikikomaa mnapumzika, na wakati wa kusi kali mnakaa nchi kavu muda mrefu. Kano hulegea wakati wa kukaa, halafu usiku wa kwanza wa giza zinabebeshwa mzigo wote. Kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo za tyubu ya baiskeli, na kabla ya kurudi baharini baada ya kusi anza mazoezi wiki tatu mapema. Mabaharia wako nao wafanye, hasa waliovuka 40. Mvuta sigara ajue kano zake hupona taratibu kuliko za mwenzake. Nawe sukari yako ikiwa juu, mazoezi yote haya utayafanya nusu bure.

Mpwa wako golikipa

Huyu ndiye ninayemhofia zaidi kuliko wewe. Bega likichomoka kwa mbele, kama inavyotokea zaidi ya mara 95 kati ya 100, ukingo wa gegedu unaozunguka kile kisosi hung'oka, na kichwa cha fupa hupata bonde kwa kugongana na ukingo wa mfupa. Kwa kijana wa chini ya miaka 20 anayeendelea na michezo, bega lililotoka mara moja lina uwezekano mkubwa wa kutoka tena, na lililotoka mara mbili limeshaonyesha njia. Mazoezi peke yake mara nyingi hayatamtosha. Aonwe na daktari wa mifupa, na kama upasuaji wa kuurudishia ukingo unafaa anaweza kupewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Baada ya upasuaji golikipa huhitaji kama miezi sita kabla ya kuruka tena. Mpaka atakapoonwa asikae golini, na asiweke mkono juu huku umegeuzwa nje, mkao wa mtu anayetaka kurusha jiwe. Mkao huo ndio unaolitoa.

Kulivuta uwanjani walibahatika. Shingo ya fupa iliyovunjika inafanana kwa nje na bega lililochomoka, na ukiivuta unaiachanisha kabisa. Mshipa wa fahamu unaozunguka shingo hiyo nao hujeruhiwa. Likitoka tena, uwanja wa Mkwakwani au kiwanja cha mtaani, wasilivute. Mkono uachwe ulivyo, mto au nguo zilizoviringishwa zijazwe kati ya mkono na kifua, kanga ifungwe kuzunguka vyote. Waguse ngozi ya nje ya bega, pale askari anapobandika cheo cha mkono, wamuulize kama anahisi sawa na upande wa pili. Wamwambie achezeshe vidole. Wapapase mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono. Ganzi, vidole visivyocheza au kiganja kilichopoa ni haraka ya kwanza. Asile wala asinywe njiani, kwa sababu huenda akapewa dawa ya usingizi kidogo kulirudisha. Hospitali itapiga eksirei kabla na baada. Kitambaa cha shingoni kwake ni wiki moja hadi tatu. Kuzidisha hapo hakumzuii kuchomoka tena. Na bega linalotoka baada ya mtu kupigwa na umeme au kuanguka kifafa huweza kutoka kwa nyuma, likaonekana kama zima kwenye picha ya mbele. Muombe mpiga picha aongeze ya upande.

Nitataja moja tu kwa vijana wa bodaboda mlio nao huko: wakianguka kwa bega, kinachovunjika mara nyingi ni mtulinga, mfupa unaounganisha kifua na bega. Mkono ubebwe na kanga, eksirei ipigwe. Mwingi huunga bila upasuaji kwa wiki 6 hadi 12, ukiacha uvimbe mdogo wa kudumu. Mfupa ukikaribia kutoboa ngozi, au mkono ukiingia ganzi, asilale nyumbani. Ikiwa kilichoinuka ni ncha ya nje ya mtulinga, kama ngazi ndogo juu ya bega, ligamenti, zile kamba zinazoshikanisha mifupa, zimekatika; nyingi huponea kanga wiki mbili tatu kisha mazoezi.

Ramadhani

Paracetamoli inaingia kwenye usiku bila taabu: vidonge viwili baada ya kufuturu saa kumi na mbili na nusu jioni, viwili saa tano usiku, viwili kwenye daku. Vitakuwa sita, chini ya kikomo, na kila safari imepita zaidi ya saa nne. Ibuprofeni, kama figo zako zimeruhusu, iwe baada ya chakula cha futari, kamwe si tumbo tupu alfajiri huku mchana mzima hunywi maji. Kusukuma fremu ya mlango unaweza hata mchana. Tyubu na chupa ziende baada ya tarawehe, ukishakula na kunywa. Metformini usijipangie mwenyewe. Nenda kliniki ya sukari wiki chache kabla ya mwezi kuandama wakubadilishie saa za kumeza. Na kama utahitaji sindano ya steroidi, ichomwe Shaabani mapema, ili sukari iliyopanda iwe imeshashuka unapoanza kufunga.